Fremu ya Miyata ya 1987, kutu ya ndani na mafuta ya sifa ya Nungwi

Kama una fremu ya baskeli ya gia ya zamani imekaa uani inasubiri pesa ya rangi, hebu nisikilize kwanza kabla hujaipeleka kwa mpiga rangi. Nimeona fremu nzuri nzuri hapa mjini zinapigwa rangi ya kung'ara, zinabandikwa stika mpya, mwenyewe anapiga picha anaweka status, afu masika ya pili yakiingia ishatoboka chini pale kwenye kranki. Watu wanalaumu rangi, mara oh rangi feki, mara fundi kachakachua. Rangi haina kosa. Baskeli ya chuma hapa kwetu inaliwa kuanzia ndani ya bomba, na huko ndani hakuna rangi inayofika.

Nasema hivi kwa sababu miezi yote hii nimekuwa nikiifufua fremu ya baskeli ya mlimani ya Miyata ya mwaka 1987 na kazi kubwa ilokuwepo, kazi ilonichukua muda kuliko zote, ni ile ambayo ukiitazama baskeli saivi huioni kabisa.

Nliipata Mwanakwerekwe kwa jamaa mmoja anaeuza vitu vya kontena. Ilikuwa chini ya friji mbili na rundo la viti vya plastiki, fremu na foku yake tu, haina magurudumu, haina usukani, nguzo ya kiti imegandia ndani, na mtu huko ilikotoka alishaipaka rangi nyeusi kwa brashi. Yule jamaa alikuwa keshaitenga kwa wale wanaopita kununua vyuma chakavu kwa kilo. Nkaipindua, nkafuta tope kwa kidole chini ya kile kibomba kifupi ambacho ekseli ya kranki inapita, ikatoka herufi P na namba zake. Hapo moyo ulinidunda kweli. Miyata namba zao za fremu walikuwa wakizianza na herufi ya mwaka, A ni 1972, hesabu kwenda mbele utaona P inaangukia 1987. Nkamuuliza, "Yakhe, hii unauzaje?" Akanambia nipe elfu kumi na tano uondoke nayo. Sikuomba kupunguziwa hata shilingi.

Kwa asozijua hizi fremu ntaeleza kidogo, maana kuna watu wananiuliza kuna nini cha maana kwenye chuma cha zamani wakati madukani zimejaa mpya zenye springi mbele na nyuma. Miyata ni Wajapani walioanza na bunduki, baskeli yao ya kwanza ilitoka kwenye kiwanda cha bunduki mwaka 1890. Na baskeli za mlimani zenyewe zilianzia California, kule Marin, vijana wakichukua mabaskeli mazito ya miaka ya thelathini na arobaini, yale ya tairi nene, wanayashusha mbio kwenye mlima Tamalpais. Mwaka 1976 wakaanza mashindano wakayaita Repack, kwa sababu breki za wakati ule zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, unapiga pedeli kinyumenyume ndo inashika, na ule mteremko ulikuwa unaipasha moto habu mpaka girisi inaungua inatoka moshi, kwa hiyo ukifika chini lazima uifungue uijaze girisi upya. Kila mtu anaependa baskeli ajue kwamba mashindano hayo yalipata jina lake kutokana na girisi! Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu mpya kabisa ya kazi hiyo kwa mabomba ya kromoli, na 1981 Specialized wakatoa Stumpjumper, ndo ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, na fremu zake zilichomelewa Japani. Miaka ile ya themanini viwanda vya Japani vilikuwa vinatoa fremu za chuma ambazo mpaka leo ukiangalia maungio yake unaona kazi ya mtu alotulia.

Kromoli ni chuma kilochanganywa na kromi na molibdeni kidogo. Kwa vile kina nguvu kuliko chuma cha kawaida, wanaweza kulifanya bomba liwe jembamba, nene kidogo kwenye ncha ambako linaunganishwa na jembamba zaidi katikati, na pale katikati unene wake haufiki hata milimita moja. Ndo maana ukiinyanyua fremu kama hii kwa mkono mmoja unashangaa, umezoea uzito wa Foniksi. Lakini fikiria sasa kutu inavyokula. Kwenye Foniksi kutu ina chuma kingi cha kula kabla hujaona tundu. Kwenye kromoli haina.

Na kwetu hapa Unguja kutu ina kila inachokitaka. Upepo wa kusi na wa kaskazi wote unatoka baharini, umebeba chumvi, chumvi inaingia ndani ya bomba kupitia pale juu kwenye kiti na kwenye vile vitundu vidogo ambavyo kiwanda waliviacha ili hewa ya moto itoke wakati wa kuchomelea. Chumvi ikishakaa ndani inavuta unyevu wenyewe, hata isiponyesha. Mvua ikinyesha maji yanashuka na nguzo ya kiti mpaka chini kwenye kranki, yanakaa pale pale hayana pa kutokea. Juu umepaka rangi nzuri inang'ara, chini kuna kisima.

Basi nlipofika nayo nyumbani kabla ya kufikiria rangi gani nlitaka kujua jambo moja tu, ndani kuna nini. Kufungua vikombe vya ekseli ya kranki ndo sehemu watu wengi wanapoharibu, kwa hiyo hapa nizingatieni: upande wa mnyororo kile kikombe kina uzi wa kinyume. Unakifungua kwa kuzungusha kama unakaza. Fremu nyingi za Kijapani na za Kiingereza ziko hivo, na nimeziona ambazo mtu kapigana nacho kwa nyundo na tindo mpaka uzi umekwisha wote, fremu nzima inageuka kuwa ya kutupa. Upande wa kushoto ni kawaida.

Kikatoka, nkaigeuza fremu juu ya gazeti nkaigonga gonga na mpini wa bisibisi. Unga wa kutu ulotoka ungejaza kikombe cha kahawa, na vipande vyembamba kama maganda, na mdudu keshajijengea nyumba ya udongo mle ndani. Nkaingiza taa ndogo. Alhamdulillah ilikuwa kutu ya juu juu, ngozi imechubuka lakini chuma kipo. Nkapitisha bisibisi kwa chini kote nikigonga taratibu na kusikiliza, palipo pazima panalia kwa sauti ya juu na palipoliwa panajibu mfu, na ukibonyeza na ncha panaingia. Hapakuwepo. Ingekuwa panaingia ningeishia hapo hapo, kwa sababu kuchomelea kiraka kwenye bomba la kromoli jembamba na mashine za mitaani ni kujitafutia kuvunjika taya njiani.

Afu ile nguzo ya kiti. Hii ni alumini ndani ya chuma, na hivo viwili vikikaa pamoja na maji ya chumvi katikati alumini inaanza kuota unga mweupe, ule unga unavimba unabana mpaka unasema vimechomelewa. Nlimwagia mafuta ya kulainisha kutu kwa juu na kwa chini, nkaiacha siku kadhaa, haikutikisika. Nkaipeleka kwa fundi mmoja mzee Mikunguni ambae namheshimu sana, mikono yake imefunga magurudumu ya mji mzima huu. Akaitazama akasema, "Mwanangu, hii dawa yake gesi, tuichome moto."

Nkamwambia, "Mzee wangu, samahani, naomba tujaribu barafu kwanza."

Akanitazama. Nkamueleza kwamba alumini inapanuka na kunywea kama mara mbili ya chuma, sasa ukiipiga moto yote, ile ya ndani inavimba kuliko ya nje, inazidi kubana. Lakini ukiipoza ya ndani na kuipasha ya nje inatakiwa iachie. Akakaa kimya kidogo afu akamtuma kijana wake akimbie Malindi pale sokoni kwa samaki alete barafu. Tukakibana kichwa cha nguzo kwenye jiriwa, fremu imesimama kichwa chini miguu juu, tukawa tunamimina barafu iliyopondwa kupitia pale penye kranki inateremka ndani ya bomba mpaka ndani ya nguzo, na nje nkazungushia kitambaa nlichokichovya kwenye maji ya moto, nakibadilisha kila kikipoa. Mzee akashika bomba la mbele, mimi la nyuma, tukaizungusha fremu nzima yenyewe, hatukuivuta, tuliizungusha tu. Mara ya kwanza hamna kitu. Tukaongeza barafu. Mara ikalia, mlio mkavu wa ghafla ambao kila mtu pale kibandani aligeuka, na unga mweupe ukaanza kudondoka kwenye jiriwa. Mzee akasema "Allahu akbar" na akacheka kwa furaha ya kweli. Pembeni ya nguzo imeandikwa 26.8, na hili nalo mlishike, hizi saizi zinapishana kwa nukta mbili tu za milimita, mtu akikuuzia ya 26.6 akakwambia itakaa tu we kaza, mwambie asante. Itakaa lakini itacheza, na ikicheza itapasua pale juu penye tundu la kukazia.

Kutoa kutu ya ndani nlitumia siki, siki nyeupe ya kawaida ya dukani. Nkaziba matundu kwa mpira wa tyubu ya zamani na waya, nkajaza bomba moja moja, naiacha usiku kucha, namwaga, naangalia kwa taa, narudia. Vitu vidogo, nati, boliti, vikombe vya usukani, nlivilowesha kwenye ukwaju mzito, na hii si elimu yangu mimi, mabibi zetu wote wanajua ukwaju na ndimu ndo vinavyorudisha sinia za shaba. Asidi ni asidi, kutu nayo inaisikia. Ila usisahau vitu humo ndani ukaenda zako shamba wiki nzima, asidi ikimaliza kutu inaendelea na chuma.

Baada ya siki unasuuza na maji yenye bekingi soda ili iliyobaki ife nguvu. Na hapa nna neno na ndugu zangu wa Unguja: msisuuzie maji ya kisima. Visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina chumvi, kisiwa chenyewe ni mawe ya matumbawe, bahari inapenya chini. Ukisuuza na maji hayo umerudisha ugonjwa ule ule ulioutoa. Mimi nlitumia maji ya mvua tulokuwa tumekinga kwenye pipa, nkamalizia na maji ya chupa, nkaianika juani saa hiyo hiyo, kwa sababu chuma kilotoka kwenye asidi kinaanza kupiga wekundu mpya mbele ya macho yako. Nkapuliza hewa ya kompresa ndani ya kila bomba mpaka hamna hata tone.

Kabla ya rangi kuna kunyoosha. Nlichukua mshipi wa kuvulia, nkaufunga kutoka ekseli ya nyuma upande mmoja, ukaenda kuzunguka bomba la usukani, ukarudi upande wa pili, ukiuvuta ukakazana unapima kutoka kwenye mshipi mpaka bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikiwa sawa fremu imenyooka. Mtu alonifundisha hii kupitia maandishi yake ni marehemu Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts alofariki 2008, Mungu amlipe kwa elimu aliyoiacha bure kwa watu. Yangu ilipinda kidogo sana kushoto. Na vile vile fremu hii nafasi ya gurudumu la nyuma ilikuwa milimita 130, wakati magurudumu mengi ya inchi 26 tunayoyapata saivi habu yake ni 135. Chuma kinakubali. Unaivuta kwa mikono pole pole, unapima, unavuta tena upande ule unaohitaji, unapima, nkatanua na kunyoosha kwa pamoja. Fremu ya alumini usithubutu, ile haipindi, inapasuka.

Rangi sasa. Mpiga rangi wa magari nliempelekea alitaka kuitoa ile nyeusi kwa grenda yenye brashi ya waya, nkamkatalia kwa adabu, kwa sababu ukikumbuka pale katikati bomba halifiki milimita, grenda ikiteleza kidogo tu imekula nguvu ambayo huirudishi. Nlikwangua mwenyewe, dawa ya kutolea rangi, afu msasa wa 120, 240, 400, vidole viliuma lakini ndo hivo nlivyokutana na rangi yake ya asili. Chini ya ile nyeusi, nyuma ya maungio ya bomba la usukani ambako jua halikuwahi kufika, ilikuwepo buluu ya mawingu, safi kabisa, kipande ukubwa wa kucha ya gumba. Nkakaa nacho pale barazani nakitazama. Nlikuwa na mawazo ya kuipiga kijani, yakaisha hapo hapo. Nlikwenda na fremu yenyewe duka la rangi za magari, muuzaji akachanganya, akaweka tone, akaongeza nyeupe, tone, mpaka likapotea juu ya ile ya zamani ukawa huoni limeishia wapi.

Kuhusu siku ya kupiga rangi, msiharakishe. Hewa ikiwa na unyevu rangi inapiga ukungu, inakuwa nyeupe nyeupe haing'ari, na kwetu asubuhi nyingi ukigusa bati tu lina umande. Tulisubiri kaskazi ikakauka vizuri, tukaanza saa nne jua limeshapanda, tumeifuta na tina mara ya mwisho hamna anaeigusa tena kwa mkono mtupu. Nyuzi zote tumeziba kwa matambara na selotepu, kwenye ile herufi P na namba zake tukapaka nyembamba kabisa ili zibaki zinasomeka. Praima, siku nzima ya kukauka, msasa laini, buluu mara tatu nyembamba nyembamba, kliya juu.

Ilipotoka kila mtu aliniambia haya, hongera, umemaliza. Mimi najua bado, kwa sababu ndani kule bado chuma kiko uchi.

Hapo ndo naja kwenye sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka majahazi. Ami yangu mmoja yupo Nungwi, maisha yake yote ni majahazi, na nlikuwa nimemueleza shida yangu, kwamba kuna dawa za makopo za kupaka ndani ya fremu wanazotumia Ulaya na hapa sizipati. Shikamoo ami, marahaba, nkamsimulia yote. Akasikiliza afu akasema, "Sisi chombo tunakipaka sifa, na misumari ya chombo ni chuma, na chombo kiko baharini." Basi, hakuongeza kitu.

Nliporudi nkasoma, na nlichokikuta kilinifurahisha sana. Ile kampuni ya Marekani ya Rust-Oleum, ambayo makopo yake ya rangi za kuzuia kutu yanauzwa dunia nzima, ilianzishwa 1921 na nahodha wa meli, Robert Fergusson, na alianza kwa kuona mafuta ya samaki yalomwagika juu ya sitaha yenye kutu, pale yalipomwagika kutu ikasimama. Dawa yake ya mwanzo ilitokana na mafuta ya samaki. Watu wa Nungwi hawakumsubiri nahodha, walikuwa nayo tangu mababu. Mafuta ya samaki yanapenya kwenye vinyweleo vya kutu kuliko mafuta mengi, yanasukuma unyevu, afu taratibu yanakauka yanakuwa utando.

Sikuiamini kwa maneno matupu lakini. Nlichukua bomba moja la chuma nkalikata vipande, kimoja nkakipaka sifa, kimoja oili chafu ya gari ambayo ndo watu wengi mitaani wanaitumia, kimoja nkakiacha hivi hivi, vyote nkavining'iniza ufukweni kwa ami vinapigwa na upepo. Baada ya wiki kadhaa kile kitupu kimekuwa chekundu chote. Cha oili kilikuwa kizima sehemu za chini ambako oili ilikusanyika, lakini juu ilishateremka ikadondoka na kutu imeingia, na hii ndo sababu siipendi oili chafu ndani ya fremu, haikauki, inashuka, na ina masizi na uchafu wa injini ndani yake. Cha sifa kilikuwa cheusi cheusi, kinanata kidogo, kizima juu mpaka chini.

Jambo moja muhimu sana, sifa inaingia baada ya rangi kukauka kabisa. Ukianza na sifa itavuja kupitia vile vitundu na hamna rangi itakayoshika, itatoka macho macho. Nliipasha iwe vuguvugu ili iwe nyepesi, nkamimina ndani ya kila bomba, nkaizungusha fremu huku na huku, kichwa chini, ubavu, ubavu wa pili, nkaisikia inatembea ndani, nkaiacha ikachuruzika, nje nkifuta kila tone papo hapo kwa kitambaa chenye sabuni. Afu nkaiacha imening'inia kwa ami siku nyingi, kwa sababu ya harufu, hilo sikufichi, inanuka, nyumbani wasingenielewa. Saivi harufu imekwisha isipokuwa ukiweka pua pale penye kiti. Kama huwezi kuivumilia tafuta mafuta ya kitani yalochemshwa, nayo yanakauka utando na watu wengi wanayatumia ndani ya fremu, bei yake tu ndo kubwa.

Nguzo ya kiti mpya nlipaka girisi nyingi, na vikombe vya kranki vile vile, nyuzi zote. Alumini na chuma visikutane vikavu tena humo ndani.

Kilichobaki kilikuwa breki ya nyuma. Fremu nyingi za miaka hiyo, 1986 mpaka 1988 hivi, breki ya nyuma waliiweka chini, nyuma ya kranki, aina ya U, na vile vijiti vyake viko juu ya ringi, kwa hiyo hizi breki za V za kawaida zinazojaa Darajani haziingii, mipira yake inakwenda kugusa tairi. Fundi mmoja akanishauri nikate vijiti nichomelee vingine. Hapana. Zile breki za U walizokuwa wakifunga kwenye BMX nzuri zinakaa kwenye vijiti vile vile, nkazunguka kwa wauza mitumba mpaka nkapata BMX moja imevunjika uma wa mbele, breki yake nzima, nkanunua breki tu. Ikaingia bila kupigwa hata msasa. Ubaya wake ni kwamba pale chini inakusanya tope lote la tairi na mnyororo, ndo maana viwanda waliiacha baada ya miaka michache, kwa hiyo kila nikirudi safari naimwagia maji baridi na kupitisha mswaki wa zamani.

Kuna walioniuliza baskeli ya mlimani Unguja ya nini wakati hamna mlima. Sehemu yetu ya juu kabisa ni Masingini na unaimaliza kabla hujatoka jasho sawasawa. Lakini nenda Fumba, nenda njia za uwandani Makunduchi na Kizimkazi, ni mawe ya matumbawe yenye meno, tairi nyembamba inachanika na fremu ngumu ya alumini inakutetemesha mpaka meno. Hii Miyata tairi zake za inchi 26 nene zinapita juu, na lile bomba jembamba linanepa kidogo, unalisikia linanepa, mikono inapumzika. Nlikwenda nayo Fumba nkarudi na sikuwahi kusimama kwa maumivu.

Kuna tundu dogo nlilitoboa chini ya kranki kabla ya rangi, milimita nne tu, ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Mvua ikininyeshea nikifika naiegemeza ukutani na kuangalia pale chini, na bado yanatoka maji meupe, hayajatoka mekundu. Sifa ntaiongeza kila mwisho wa kaskazi, kabla masika hayajaanza, na ami keshaniwekea dumu langu.